STAA NA DATSUN YA MAREHEMU BABA YAKE: 2JZ itampa kiki, breki atampa nani?

Wiki iliyopita staa mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye akiachia ngoma leo kesho kutwa watoto wote wa mtaani wanaijua, alitupia klipu ya sekunde kama ishirini hivi. Kwenye klipu hakuna demu, hakuna chupa, hakuna mjengo. Kuna gari dogo jekundu lililopauka, pua ndefu, boneti imefunguliwa, na yeye mwenyewe analipiga piga ubavuni kama mtu anayemsifia ng'ombe mnadani. Chini akaweka kura: 2JZ au RB26?

Watu wakawaka. Kufikia usiku komenti zilishageuka vita ya Toyota na Nissan. Wengine wakaleta habari za lile Supra la rangi ya chungwa kwenye Fast and Furious ya 2001, wengine wakaanza kutukanana mpaka na familia, kama kawaida ya bongo. 2JZ ikawa inaongoza kwa mbali.

Shida ni kwamba jibu lenye akili halikuwemo kwenye kura.

Kwa ambao stori imewapita: gari lenyewe ni Datsun 240Z, na halikuja juzi na meli. Inasemekana baba yake staa alilinunua Arusha miaka ya 1980, akalitembelea mpaka likachoka, na mzee akafariki likiwa limeegeshwa nyuma ya nyumba Kinondoni. Wameachiwa wawili, staa na dada yake mkubwa. Fundi wa gari hilo ni mzee mmoja wa Gerezani ambaye alianza kulishika staa akiwa bado chekechea. Sasa mzee kaambiwa atoe injini ya zamani aweke ya turbo, kagoma. Kasema kutengeneza atatengeneza, ila gari la marehemu yeye hakati. Kuna vijana wa gereji moja mpya upande wa Mbezi wao wamesema wanakata, tena wameahidi nguvu za farasi 400 kabla ya Krismasi. Mtandaoni mzee akaitwa mshamba, mara fundi wa kabureta, mara mzee anaogopa kompyuta.

Mzee hajakosea. Tuseme hajakosea kwa sehemu kubwa, maana ipo sehemu moja anang'ang'ania tu, na hiyo itakuja.

Kwanza gari, kwa sababu inaonekana nusu ya waliopiga kura wanadhani ni Datsun pikapu ya kubebea mkaa. 240Z ilitoka Japani mwishoni mwa 1969, na kule kwao ikiitwa Fairlady Z. Milango miwili, viti viwili, injini mbele, nguvu inakwenda matairi ya nyuma. Injini ni L24: silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili. Gari hilo ndilo lililoshinda East African Safari Rally ya 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudi 1973 na 240Z akiwa na Lofty Drews, safari hiyo akabeba kombe mwenyewe. Mwaka ule wa 1971 Porsche walileta 911 zao, wakarudi nazo nyumbani bila kombe. Kwa hiyo wanaosema L24 ni injini ya kinamama kwendea sokoni, wakumbuke ilishapigwa tope na mawe ya huku huku kwetu ikatoka mbele.

Halafu kuna hesabu ambayo hakuna aliyeipiga. Kiwandani L24 iliandikwa farasi 151. Hapo palikuwa na ujanja wa enzi zile: injini ilipimwa ikiwa peke yake, haina feni wala bomba la moshi la gari lenyewe, kwa hiyo namba ilitoka nono. Kwa vipimo vya siku hizi unaongelea kama 130 hivi. Gari lina kilo 1,040 au zaidi kidogo. Ukigawanya, kila farasi anavuta kilo nane. Sasa chukua Mark II Grande GX110 yenye 1G, ndinga ambayo mjini hapa inaheshimika: farasi 160 za kwenye karatasi, kilo kama 1,400. Hapo kila farasi anavuta karibu kilo tisa. Yaani Datsun ya zaidi ya miaka hamsini, ikiwa nzima, haina cha kuionea aibu Grande.

Neno ni hilo, ikiwa nzima. Ya staa siyo nzima. Kwenye klipu yenyewe, ukiongeza sauti, unasikia kabisa inamisi. Inatoa moshi wa bluu, maana yake inakula oili, ringi zimeisha au sili za valvu zimekufa. Kabureta zinavuja. Gari hilo halina farasi 130 leo, pengine halina hata 90. Mtu mwenye ng'ombe wagonjwa zizini hakimbilii kununua wengine, anaita kwanza daktari. Kupima mgandamizo wa silinda sita ni kazi ya nusu saa na kifaa ambacho fundi yeyote anacho. Mpaka leo hakuna posti inayosema silinda ngapi zimepimwa na zimesoma ngapi. Kura ya injini mpya imepigwa kabla ya mgonjwa kupimwa homa.

Haki itendeke pia kwa wanaotaka 2JZ, siyo wote wanafuata mkumbo. Ni injini ya maana. Cc 2,997, bloku ya chuma, silinda sita kwenye mstari kama ya Datsun, kwa hiyo kwenye ile pua ndefu inakaa bila kulazimisha sana. Ile yenye turbo mbili, 2JZ-GTE, iliandikwa farasi 280 kule Japani, na duniani kote kuna watu wanaitoa mara mbili ya hapo bila kugusa ndani sana. Na kuna hoja moja nzito kuliko zote, ambayo mashabiki wa Datsun hawapendi kuisikia: ukoo wa JZ uko mjini. Crown zipo, Mark II zipo, mafundi wapo wa kumwaga. Gasketi ya L24 unaagiza nje unasubiri wiki kadhaa. Ya 1JZ unavuka barabara Ilala unarudi nayo mkononi. Kwa mtu anayetaka gari la kutembea kila siku hiyo siyo hoja ya kupuuza.

Lakini ile JZ iliyojaa mjini siyo ile ya kwenye muvi. Iliyojaa ni isiyo na turbo, na mara nyingi imekuja na giaboksi ya otomatiki. Farasi 400 walizoahidi vijana wa Mbezi haziko kwenye Crown iliyogongwa pale nyuma ya gereji. Inabidi itafutwe GTE yenyewe, na GTE siku hizi kule Japani bei yake imeshapaa, dunia nzima inaitaka. Au iwekwe turbo ya kuunga kwenye ile ya kawaida, kitu kinachowezekana, ila hapo ndipo wengi wanapomaliza hela ikiwa gari bado liko juu ya mawe.

Na injini ni mwanzo tu. Giaboksi ya Datsun ilitengenezwa kwa L24. Ukiivalisha nguvu mara tatu inasaga meno. Basi itafutwe ya manyo inayokaa na JZ, kama R154, nayo ni adimu na wenye nazo wanajijua. Ukikosa unaweka otomatiki, na hapo gari la Safari Rally limekuwa teksi yenye kelele. Difu ya 240Z ni R180, ile namba ni upana wa meno yake kwa milimita. Turbo kubwa inaila. Propela inabidi ikatwe ichomelewe upya. Bakuli la oili chini ya injini linagombana na chuma kinachobeba mguu wa mbele. Pampu ya mafuta ya Datsun inasukumwa na injini yenyewe kwa presha ndogo ya kabureta. JZ inataka pampu ya umeme yenye presha kubwa, na tanki la zamani halikujengwa kwa hilo, ukikata kona kali mafuta yanakimbilia upande mmoja injini inakosa pumzi. Rejeta ibadilishwe. Waya zote za injini ziingie mpya pamoja na kontrolboksi yake. Kila kimoja kati ya hivyo kina mtu wa kukifanya mjini. Mtu mmoja wa kuvifanya vyote vikaelewana, hapo ndipo pagumu.

Ushahidi upo na wote wa mjini wanaujua. Kuna presenta mmoja wa redio, jina analo yeye, aliyeingiza 1JZ ya turbo kwenye Corolla DX. Siku ya kuizindua kulikuwa na kamera, DJ na nyama choma. Kweli ilikuwa inaondoka kama imefukuzwa. Wiki mbili baadaye difu ikalia. Ikawekwa nyingine, ikaanza kuchemsha. Foleni ya Mwenge tu, mvuke huo, yeye amesimama pembeni na ndoo ya maji kama muuza samaki. Kila fundi aliyeitwa aliuliza swali moja: hizi waya nani kaunga? Aliyeunga alishahama gereji. Leo ile DX iko chini ya turubai, na presenta anapanda Passo. Ukimwona kwenye foleni msalimie, ni mtu poa, ila usimuulize habari za turbo.

Sasa breki. Hapa ndipo ile kura inaacha kuwa utani.

240Z ina diski mbele na drum nyuma. Haina ABS, haina eabegi. Matairi yake ya kiwandani yalikuwa na upana wa milimita 175, ambao ni upana wa tairi za Vitz. Kwa farasi 130 na kilo 1,040 breki hizo zilitosha, kwa viwango vya wakati ule. Halafu kuna jambo la fizikia ambalo hata aliyesinzia darasani analijua mwilini: ukitoka spidi 60 kwenda 120, kazi ya breki haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Diski ileile, drum ileile, inatakiwa kumeza joto mara nne, na ikishindwa pedali inakuwa laini unakanyaga gari halisimami. Ongeza kwamba pua ya 240Z kwenye mwendo mkubwa inaanza kunyanyuka, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Wenye magari haya kote duniani hufunga kizuia upepo chini ya bampa kwa sababu hiyo hiyo. Na ongeza kutu. Gari lililolala miaka nyuma ya nyumba Kinondoni, na huu upepo wa chumvi, sakafu yake na zile reli za chini zinazobeba mwili hazijapona. Ukiweka nguvu kubwa kwenye reli iliyooza, siku ya kwanza ya kukanyaga mpaka mwisho unaweza kuona milango haifungi vizuri tena, gari limejikunja.

Farasi 400 kwenye kilo 1,040 ni kilo mbili na nusu kwa kila farasi. Kuna magari ya kiwandani yenye namba kama hizo, lakini yamekuja na matairi mapana kama magodoro, breki kubwa kama sahani za pilau na kompyuta inayomzuia dereva asijiue. Staa atakuwa na tairi, usukani na Mungu. Na barabara ni hizi hizi, sehemu ya makazi mwisho 50, trafiki na tochi yake chini ya mwarobaini, daladala inasimama popote inapojisikia. Bodaboda anayeingia barabarani bila kuangalia na abiria wawili mshikaki yeye hakupiga kura. Mama anayevuka Mbezi na ndoo ya maandazi hakupiga kura.

Katika komenti zote zile, zilizohusu breki zilikuwa chache za kuhesabu vidole, na moja yao iliambiwa iende ikalale.

Cha kuchekesha ni kwamba dawa ya breki za mbele iko hapa hapa mjini, tena ni ya Toyota. Kalipa za pistoni nne za Hilux 4x4 za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zinaingia kwenye 240Z kwa boliti, wenye Z kule Marekani wamekuwa wakizifunga miaka nenda rudi. Hilux za umri huo bado zinabeba nondo na mahindi nchi nzima. Hii siyo kazi ya kuweka muziki na moshi wa rangi, hakuna atakayelaiki kalipa. Ila ndiyo ingekuwa posti ya kwanza ya mtu aliye siriasi na gari lake.

RB26 haihitaji maneno mengi. Kimoyo moyo ndiyo ingependeza kuliko 2JZ, kwa sababu ni Nissan kwa Nissan, imetoka kwenye Skyline GT-R, cc 2,568, turbo mbili, mlio wake unasimamisha nywele. Lakini iliundwa kwa gari linalovuta matairi yote manne, kwa hiyo sehemu ya chini inabidi ibadilishwe ikae kwenye gari la kuvuta nyuma. Bei yake haishikiki, na Dar ikinoki unamwita nani? Wapo pia waliotaja V8 za LS za Chevrolet. Nyepesi kwa ukubwa wake, kweli, na Wamarekani wanaziweka kwenye 240Z kama wanaweka sukari kwenye chai. Wao wanaziokota kwenye majunkyadi ya kwao. Hapa ikiharibika sensa moja gari linasubiri ndugu aliyeko Houston.

Turudi kwa mzee wa Gerezani na pale anapong'ang'ania. Mzee anataka gari lirudi kama lilivyokuwa, L24 ileile, kabureta zilezile, nukta. Hapo anamwonea kijana. Staa ana miaka chini ya thelathini na ana hela zake halali, na kutaka gari liwe na nguvu zaidi siyo dhambi. Hata hao waliokimbiza Safari hawakuziacha injini zao kama zilivyotoka dukani. Kumwambia kijana "liache hivyo hivyo, baba yako alilipenda hivyo" ni kumsukuma moja kwa moja kwa wale wa Mbezi. Na kwa taarifa zilizopo ndicho kilichotokea: aliuliza mara mbili kwa adabu, shikamoo zote, mzee wangu naomba unisaidie, akajibiwa kwa hasira, mara ya tatu akapeleka swali mtandaoni.

Wakati jibu la katikati liko ndani ya ukoo wa injini hiyohiyo. Inaitwa L28. Baada ya 240Z Nissan walitoa 260Z na 280Z, na ile ya 280Z ilikuwa na L28, cc 2,753. Kwa macho ni pacha wa L24. Inakaa kwenye mikono ileile ya injini, inafungwa giaboksi ileile, inapokea kabureta zilezile, hakuna chuma cha gari kinachokatwa. Ukitaka kuzijua unaangalia ubavuni mwa bloku, pamegongwa L24 au L28. Na siyo lazima iagizwe Marekani. L28 iliwekwa pia kwenye Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980, zile za 160. Patrol hizo zilitapakaa Afrika, na ngapi zimekufa bodi zimelala kwenye yadi za mashirika na mashamba ya watu huku injini ikiwa bado inafufulika? Kijana mwenye wafuasi wengi vile angeuliza "nani anajua Patrol ya petroli ya zamani iko wapi?" angepata majibu mpaka Sumbawanga.

Ukiichukua L28 kama ilivyo umeongeza cc 360, asilimia 15 ya ujazo, na unaisikia kwenye mguu kuanzia chini, siyo mpaka injini ilie. Ukiifumua vizuri, ukachonga silinda, pistoni mpya, hedi ikasafishwa njia za hewa, kamshafti kali kidogo na kabureta tatu za Weber au Mikuni, unaongelea farasi 200 hivi, bila turbo, bila kontrolboksi, bila waya za kumtafuta aliyeziunga. Wapo wanaoweka hedi ya L24 juu ya bloku ya L28 ili mgandamizo upande. Inafanya kazi ila lazima mtu apige hesabu kwanza, mgandamizo ukizidi petroli ya kawaida inagonga. Wenye wazimu zaidi wanachukua krenki ya dizeli ya LD28, mwendo wake ni milimita 83, wanatengeneza injini ya lita 3.1. Njia iko wazi mpaka huko, na kila hatua mtu anaweza kusimama, akaendesha, akajipanga tena.

Farasi 200 kwa kilo 1,040 ni kilo tano na kidogo kila mmoja. Hiyo ni kasi ya kutosha kumtoa mtu jasho, na difu ya R200 kutoka Z za baadaye inaibeba bila wasiwasi. Na muhimu kuliko yote kwa mji huu: siku kabureta ikisumbua, mzee wa Gerezani anaishusha kwa spana mbili na bisibisi, anaisikiliza, anairudisha. Wanaomcheka kwamba ni fundi wa kabureta wamemsifia bila kujua.

Kuna watakaosema farasi 200 haziendi viral. Kweli haziendi. Ukisema "2JZ" unapata laiki hata kwa mtu asiyejua bloku ni nini. Ukisema "nimefumua L28 ya Patrol" watu wanapita kama hawajakuona. Na hapo ndipo stori nzima inapoanza kunuka kiki. Albamu inatoka Desemba, gari linatakiwa Desemba, gereji nayo inatafuta jina. Kila mtu kwenye dili hilo anapata chake mpaka siku ya uzinduzi. Baada ya uzinduzi anayebaki na gari ni staa peke yake, na kama ataliuza, atamuuzia nani gari lililokatwa pua? Mwezi Januari 2020 kule Marekani, 240Z moja ya 1971 iliyotunzwa ikiwa halisi iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni dola 310,000. La staa halifiki huko hata kwa ndoto, lina kutu na historia ya Kinondoni. Lakini thamani inaelekea huko kwenye uhalisi, na L24 yenye namba inayolingana na kadi ikishauzwa chuma chakavu hairudi tena. Ikitolewa ipakwe grisi, ifungwe nailoni, iwekwe kwenye boksi la mbao. Haili ugali.

Habari ya kadi nayo imesahaulika. Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini. Ukibadili injini, iwe L28 au 2JZ, kadi inatakiwa irekebishwe, na wa kwenda kurekebisha ni mwenye gari. Mwenye gari ni nani? Kwa wanaoijua familia, kadi bado ina jina la marehemu. Mirathi haijakamilika. Maana yake staa anapigisha kura mitandaoni juu ya mali ambayo nusu yake ni ya dada yake, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hana hata akaunti. Dada mtu yeye inasemekana hana shida na injini yoyote. Alichouliza ni kama mdogo wake ataweza kusimama, kwa sababu anakumbuka baba yao alivyowahi kukosa breki kwenye mteremko na wao wawili wakiwa kiti kimoja cha mbele. Swali hilo halikuwekwa kwenye kura.

Kura ilifungwa Jumapili. 2JZ imeshinda, RB26 ya pili, na vijana wa Mbezi wakatupia moto kwenye komenti. Gari bado liko kwa mzee, juu ya mawe, matairi ya mbele yametolewa na drum za nyuma ziko chini kwenye gazeti. Funguo anazo dada mtu.